Msindikizaji Mwenye Figo Moja

Kosa nitakalolieleza hapa ni kosa la watu wema, na kwa sababu hiyo ni gumu kuonekana: kumsifu mtu aliyetoa sehemu ya mwili wake ili kumwokoa mwenzake, kisha kumwacha agharamie wema huo peke yake. Nililitenda kwa mkono wangu, kwa kalamu ya wino wa bluu, nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi na nikijiona mfanyakazi hodari. Ninyi vijana mnaoingia leo katika kazi za ofisi, hasa mliopangiwa hospitalini, someni polepole. Siandiki ili mnihurumie.

Nilikuwa karani wa rufaa katika hospitali moja mjini Babati, katika miaka ile ya themanini ambayo wazazi wenu huiita kwa kifupi "wakati wa shida". Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa. Karatasi zetu zote zilikwenda Arusha, na zikishafika Arusha zilipumzika. Mgonjwa aliyetushinda, mimi ndiye niliyemwandalia nyaraka za kumpeleka mbele: barua ya daktari, fomu ya usafiri, hati ya msindikizaji, na maombi ya nauli.

Msicheke nikiwaambia kwamba kuandika fomu kulihitaji ustadi. Karatasi ya kaboni tuliitumia hadi mtu akiinyanyua juani aliweza kuuona Mlima Kwaraa kupitia ndani yake. Utepe wa taipureta ulipokauka tuliupaka wino wa muhuri, nao ukaandika herufi za zambarau kwa juma zima. Pini zilipokosekana tulishika karatasi kwa miiba ya mgunga. Ofisa mmoja huko mkoani alichomwa kidole, akatuandikia barua kali ya kurasa mbili. Tuliipokea kwa furaha kubwa, kwa kuwa kurasa zote mbili zilikuwa tupu upande wa nyuma.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Elifuraha, karani mkuu, mtu mwembamba aliyevaa koti lilelile kiangazi na masika. Alikuwa na tabia iliyonikera. Mgonjwa alipoketi mbele yake hakuishika kalamu. Alimwuliza kwanza jina, kisha alikotoka, kisha akauliza, "Na nyumbani umemwacha nani, na anakula nini?" Nikamwambia siku moja, "Mzee, fomu haina nafasi ya hayo." Akanitazama juu ya miwani yake.

"Fomu ni shati lililoshonewa mtu mwingine," akasema. "Likimbana mgonjwa wako, utamkata mkono?"

"Hapana, mzee."

"Basi ongeza kitambaa. Fomu ina karatasi mbili; ambatisha karatasi ya tatu, ueleze. Hakuna aliyefungwa kwa kueleza."

Niliitikia kwa kichwa kwa adabu, na moyoni nikasema kwamba mzee huyu anafuja karatasi za serikali. Nilikuwa na ujana, na nilikuwa nimesoma vitabu vingi. Vitu hivyo viwili vikikutana bila unyenyekevu huzaa karani hatari.

Msifikiri kosa nitakalolisimulia lilikuwa la kwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilimpeleka Arusha mzee mwenye mguu uliovunjika, na bahashani nikamtilia karatasi za mtu mwingine wa jina hilohilo aliyehitaji kung'olewa jino. Wakamng'oa. Aliporudi na mguu wake vilevile nilijiandaa kwa matusi, lakini alinishika mkono akanishukuru, kwani jino nalo lilikuwa limemnyima usingizi miezi mingi. Makosa ya namna hiyo hayamfunzi mtu kitu, kwa sababu hayamuumizi. Lililonifunza lilikuja Mzee Elifuraha alipokuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na kiti chake nimekikalia mimi.

Palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi hapo mjini, Mwalimu Petro, aliyevimba uso na miguu hadi akashindwa kufunga viatu. Daktari wetu akasema figo zote mbili zimekwisha. Kwa wakati ule maneno hayo yalikuwa kama kumpimia mtu jeneza. Lakini Mwalimu Petro alikuwa na bahati ya ajabu: wahisani wa kanisa lake waliokuwa ng'ambo waliahidi kulipia upasuaji wa kumwekea figo nyingine hukohuko kwao, na serikali, pamoja na uhaba wote wa fedha za kigeni, ikakubali kutoa nauli ya watu wawili, yaani mgonjwa na msindikizaji. Kilichobaki kilikuwa figo yenyewe.

Figo ilikuwa kijijini Sigino, mwilini mwa mdogo wake, mkulima aliyeitwa Boay. Ndugu hao walipelekwa kwanza Dar es Salaam kupimwa, wakakaa huko majuma matano. Mgonjwa alilala wodini na kula chakula cha wodi. Boay alijitafutia pa kulala na cha kula. Waliporudi, Boay alikuja ofisini kwangu akiwa amevaa koti la kanisani, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Ndugu karani, shikamoo. Wamesema yangu inamfaa kaka."

"Marahaba. Unaelewa watakachokufanyia?"

"Watanipasua ubavuni, watoe moja. Daktari kanieleza kwamba mtu anaishi na moja vizuri tu. Mimi ninazo mbili, kaka hana hata moja. Hesabu hiyo hata haimhitaji mwalimu."

Nikacheka. Nikachukua fomu. Ilikuwa na visanduku viwili: cha mgonjwa na cha msindikizaji. Mtoaji hakuwa na kisanduku. Likanijia wazo ambalo nililiona la kipekee. Nikaandika katika kisanduku cha pili: "Msindikizaji: Boay, mdogo wa mgonjwa. Afya: mzima." Kwa mstari huo mmoja alipata nauli ya ndege. Matroni alipoiona fomu alinisifu mbele ya wenzangu, na jioni nilirudi nyumbani Nangara nikamsimulia mke wangu jinsi mumewe alivyo na akili.

Mke wangu aliuliza swali moja tu. "Na huko Sigino nani atalima?"

Nikamjibu kwamba hilo si suala la ofisi.

Zingatieni jambo ambalo sikulifahamu siku ile, kwa kuwa sikuliuliza. Ili aweze kuishi Dar es Salaam majuma matano, Boay alikuwa ameuza maksai wake wawili, jozi pekee aliyokuwa nayo. Alipoketi mbele yangu na kofia yake alikuwa tayari ameshatoa wavuta plau wake, na figo ilikuwa inafuata. Kama ningemwuliza swali la Mzee Elifuraha angenijibu, kwani hakuwa mtu wa kuficha. Lakini mtu aliyeandikwa "mzima" haulizwi kitu.

Wakaondoka. Kanisani tulimwombea Mwalimu Petro kila Jumapili, kwa jina, kwa sauti. Mdogo wake tulimjumuisha katika maneno "na wote walio pamoja naye".

Habari njema zikafika: figo imekubali. Mwalimu angebaki huko miezi kadhaa akiangaliwa. Ila tiketi ya msindikizaji ilikuwa na tarehe yake, na tarehe hiyo ilipofika msindikizaji alirudishwa, kama inavyostahili, maana kazi ya kusindikiza ilikuwa imekwisha. Boay alishuka kwenye basi hapo Babati akiwa na mfuko mmoja na mshono unaotoka tumboni hadi karibu na mgongo. Karatasi zote za upasuaji zilibaki katika jalada la mgonjwa. Yeye hakuwa na jalada, na hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba alipasuliwa. Nilikuwa nimelihakikisha hilo kwa wino wa bluu.

Nilijua amerudi kwa namna ninayoikumbuka kwa aibu. Ilikuwa asubuhi ya siku ya mvua, mapokezi pamejaa, na mimi ofisini dirisha langu limefunguka. Nikamsikia mhudumu wa mapokezi akiuliza, "Cheti chako cha rufaa kiko wapi?"

"Sina, mama."

"Sasa nani alikupeleka kupasuliwa?"

"Nilikuwa msindikizaji."

"Msindikizaji!" Mhudumu akaweka kalamu chini. "Msindikizaji ameshonwa nini?"

Mtu mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Mama, huyo alimsindikiza mwenzake hadi ndani!"

Mapokezi yote yakaangua kicheko. Nikasimama dirishani. Boay naye alikuwa anacheka, ila alikuwa amejishika ubavu kwa kiganja, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Koti lake la kanisani lilikuwa limelowa. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Sigino.

Nilitoka nikamchukua hadi kwa daktari. Mshono ulikuwa umevimba na kuanza kutoa maji upande mmoja. Daktari akamwuliza amefanya kazi gani.

"Nilishika jembe kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Tangu Jumatatu."

Daktari alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alipiga meza. Akamwambia kwamba kwa miezi mitatu asiinue kitu kizito, asishike jembe, asipasue kuni. Mshono ukifumuka ndani, figo iliyobaki haitamwokoa. Boay alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa heshima kabisa, "Na mvua, daktari, umeiandikia nayo mapumziko?"

Mvua ilikuwa inapiga bati juu yetu. Ilikuwa imeanza siku kumi na mbili kabla, na katika Sigino nzima shamba ambalo halijaguswa na plau lilikuwa moja. Ninyi mliokulia mjini hamwezi kulielewa hilo kwa maneno. Mahindi na mbaazi vikichelewa kuingia ardhini kwa majuma mawili zaidi, mvua hukata kabla mahindi hayajabeba, na mwaka ule hapakuwa na duka la kukimbilia. Hata aliyekuwa na fedha alirudi na kikapu kitupu. Familia isiyolima ililala njaa mwaka mzima. Boay alikuwa na mke, Mama Paulina, na watoto wanne, mkubwa akiwa na miaka minane. Ama aliache shamba watoto wasile, ama alilime na huenda asiwepo wakati wa mavuno. Mambo yalikuwa hayo mawili, na siku ziliendelea kupungua.

Nilimfungulia jalada siku hiyohiyo, kwa kukata boksi la dripu, na nikaandika barua ngazi za juu nikiomba mtoaji huyu apewe msaada wa kumvusha miezi mitatu. Majibu yalirudi upesi kuliko nilivyotegemea. Fungu la namna hiyo halikuwepo; tena, waliongeza, kumpa mtoaji chochote kungefanana na kununua kiungo chake, jambo lisilokubalika kimaadili.

Niliisoma barua ile mara tatu, kwa sababu mimi ni mtu ninayeheshimu neno "maadili". Kisha nikaenda Sigino kumwuliza mwenyewe kama anataka malipo. Nilikwenda kwa baiskeli yangu, ambayo gurudumu la nyuma nilikuwa nimelijaza matambara kwa kukosa tyubu, na niliiendesha umbali mfupi kuliko nilioisukuma.

Boay alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Mama Paulina alikuwa shambani peke yake na jembe la mkono. Kipande alichokilima kingeweza kufunikwa na turubai la lori.

"Malipo ya nini?" Boay akaniuliza. "Figo ya kaka yangu niiuze? Hapana, ndugu karani. Mimi nataka shamba langu liwe vile ambavyo lingekuwa kama nisingeondoka. Basi. Wasinipe zaidi hata punje moja."

Vijana, nimesoma vitabu vingi vya maadili kabla na baada ya siku hiyo, na sijaona mahali jambo hili lilipoelezwa vizuri kuliko alivyolieleza mkulima yule akiwa kigodani. Kumrudishia mtu alichopoteza kwa sababu ya wema wake hakumnunui. Nauli yake, chakula chake, siku zake za kazi, maksai wake: hivyo si bei ya figo. Ni gharama ambazo zingekuwa zetu sote, na tulimwachia yeye kwa kuwa hakulalamika. Na anayesema kwamba msaada huo unachafua wema, ajaribu yeye kwanza kulima na mshono.

Nikaamua kutenda. Niliandika barua ya kuwaomba majirani wa Boay waje siku moja wamlimie, nikaigonga muhuri wa hospitali ili ipate uzito, na Jumatano nikaenda nayo Sigino, kalamu mfukoni, nikiwa na daftari la kuandikia majina ya watakaojitolea. Nilifika nyumba ya kwanza, hakuna mwanamume. Ya pili, uji unafuka jikoni, hakuna mtu. Ya tatu nikamwona kijana mmoja mwenye nguvu akiruka ua wa minyaa akielekea mlimani. Nikamwita kwa upole. Akaongeza mbio. Nilizunguka nyumba tisa. Nilipata majina mawili, yote ya vikongwe, na mmoja wao alinisihi nisimchukue kwa kuwa ana pumu.

Nilirudi kwa Boay nimelowa. Mama Paulina alikuwa amejiinamia mlangoni kwa kicheko hadi machozi.

"Ndugu karani, ulikuwa unagonga milango na daftari?"

"Nilitaka kuandika majina."

"Majina! Watu wamefikiri wewe ni msako wa Nguvu Kazi. Wameambizana tangu huko darajani kwamba kuna mtu wa serikali anakusanya wazururaji awapeleke mashamba ya mbali. Sasa hivi wanaume wote wako mlimani wananyeshewa kwa ajili yako."

Boay hakuweza kucheka kwa sababu ya mshono. Alikuwa ameng'ata ukosi wa koti.

"Huku watu hawaitwi kwa muhuri," Mama Paulina akaendelea, na kicheko kikamtoka usoni. "Wanaitwa kwa pombe. Ukipika, unapeleka habari, wanakuja na maksai wao, wanalima, jioni wanakunywa. Hakuna aliyeandikwa, hakuna aliyelipwa, na hakuna asiyekuja. Lakini pombe ni nafaka. Nafaka niliyo nayo ni ile mbegu iliyo kwenye kile kibuyu. Nikiipika, watalima, halafu watapanda nini?"

Ni lazima niwaambie kwa nini neno pombe lilinichoma. Nilikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, kijana kuliko wazee wote, na pombe nilikuwa nimeifanya adui yangu rasmi. Miezi michache kabla ya hapo, mama mmoja wa mtaa wa Maisaka alikuwa akiuza pombe ya kienyeji karibu na lango la hospitali. Mimi ndiye niliyeandika malalamiko, nikakusanya saini kumi na saba, akafukuzwa na vibuyu vyake mbele ya watu. Sikujua jina lake. Katika malalamiko nilimwandika "mwanamke muuza pombe".

Na katika mji mzima, mwaka ule wa njaa ya nafaka, mtu pekee niliyejua kwa hakika kwamba ana kimea cha kupikia pombe alikuwa yeye.

Nilikwenda Maisaka siku iliyofuata. Alikuwa uani akikoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu, mwanamke mnene wa makamo, khanga imekazwa kiunoni. Akanitambua kabla sijabisha hodi.

"Karibu, mzee wa kanisa. Umekuja kunifukuza na huku?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo una saini ngapi?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza kwa mpangilio, nikianza na fomu, visanduku viwili na barua ya kutoka juu, lakini akanikatiza kwa mwiko.

"Ngoja. Huyu Boay ndiye aliyempa kaka yake figo?"

"Ndiye."

"Yuko hai, anatembea?"

"Anatembea. Ila asilime."

"Na ninyi huko hospitali mmempa nini?"

Nikaitazama sufuria yake.

"Hata soda?"

"Hata soda, mama."

Akaufunika mdomo kwa pindo la khanga. Halafu akaenda ndani, akaburuta gunia la kimea hadi mlangoni, akalipiga kofi kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni.

"Hii nilikuwa naipikia mnada," akasema. "Ndiyo mtaji wangu wote, sikufichi. Inachukua siku nne. Jumanne walete maksai."

Nikaingiza mkono mfukoni. Akauona.

"Urudishe huo mkono. Ukinilipa, itakuwa nimeuza, nawe hutaki niuze." Akacheka kwa sauti ya kukoroma. "Ila kazi unayo. Kuni zimekwisha, na maji ni ya kuteka mbali. Koti livue."

Kwa siku nne, kila nilipotoka kazini au ibadani, mzee wa kanisa alipasua kuni na kuchota maji katika ua wa pombe huko Maisaka, majirani wakipita kuchungulia uani. Nilijifunza kwamba kimea kinataka moto wa taratibu na jicho la mtu asiyeondoka. Nilijifunza pia kwamba kazi niliyoiita ya uvivu ilinivimbisha viganja vyote viwili.

Jumanne alfajiri tulipakia madebe mawili kwenye baiskeli yangu, na mama yule akabeba kibuyu kichwani. Tulipofika njia panda ya kwenda Sigino, nani anakuja mbele yetu kama si mwinjilisti wetu, na Biblia yake kwapani.

"Bwana asifiwe, mzee. Umebeba nini?"

Ningeweza kusema maziwa. Vijana, jaribu la kusema maziwa lilikuwa kubwa.

"Pombe," nikajibu.

"Ya nani?"

"Ya shamba la Boay, yule aliyetoa figo."

Mwinjilisti alinitazama, akamtazama mama, akayatazama madebe. Kisha akaitia Biblia mfukoni mwa koti, akazunguka nyuma, akashika kiti cha baiskeli, akaanza kusukuma. Hakusema neno hadi tulipofika, isipokuwa mara moja, tope lilipotuzidi: "Shika usukani vizuri, usiimwage."

Habari zilikuwa zimetangulia kwa midomo ya wanawake, bila muhuri. Jozi sita za maksai zilikuwa zimeshafungwa nira. Kijana aliyeruka ua wa minyaa alikuwepo na plau la baba yake, akanisalimia huku akichungulia kama nina daftari. Wanaume walilima kwa zamu, mstari kwa mstari, na wanawake wakawafuata nyuma wakidondosha mahindi, kisha mbaazi kati ya mistari, na kufukia kwa wayo. Boay aliwekwa juu ya gunia ukingoni mwa shamba na kukatazwa kunyanyuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Alipaza sauti, akawakosoa, akawaonyesha jiwe lililojificha, akawaambia mistari imepinda.

"Wewe nyamaza huko, mwenye figo moja!" mmoja akamjibu. "Ungetoa sauti ukabaki na figo zote mbili!"

Hapo Boay alicheka kweli, na mkono wake, niliutazama, haukwenda ubavuni.

Jua lilipoanza kuinama hapakuwa na pembe ya shamba lile iliyobaki. Kwa desturi ya huko kibuyu cha kwanza hupewa aliyewaita watu. Mama Paulina alimwelekezea mkono Boay. Boay akanielekezea mimi. Mama wa Maisaka akachota, akanijia katikati ya watu wote, mwinjilisti akiwa kando yangu.

"Kunywa, mzee wa kanisa. Usipokunywa, hawa hawanywi, na wamechoka."

Nilikunywa. Ilikuwa chachu, nzito, na ya moto kidogo. Mwinjilisti alitazama mlima.

Mvua ya mwaka ule haikuwa nyingi, lakini ilitosha. Mshono ulifunga. Mwalimu Petro alirejea akiwa amenenepa, akafundisha miaka mingine mingi, na kila msimu wa kulima, kwa mshahara wake wa ualimu, alimkodia mdogo wake maksai hadi Boay alipopata wa kwake. Nami, hadi siku niliyostaafu, sikupeleka fomu ya mtoaji yeyote, awe wa damu au wa kitu kingine, bila karatasi ya tatu: alikotoka, aliowaacha, wanachokula, na nani anashika jembe lake akiwa hayupo. Mara nyingi walinirudishia wakisema haihusiki. Niliituma tena. Ninyi nanyi itumeni tena.

Lakini jioni ile huko Sigino, watu walipokuwa wakinywa na maksai wakifunguliwa, nilimfuata mama yule aliyekuwa akisuuza madebe yake matupu, mtaji wake wote ukiwa umekwisha kwa hiari yake, nikamwambia kwamba nimemfukuza langoni, nimetumia kimea chake, nimekunywa kibuyuni mwake, na sijawahi kumwuliza jina. Alijifuta mikono kwa khanga, akanitazama kama anayepima iwapo nitalitumia vizuri, akanitajia: Paskalina Tluway.